Mfunua Kurasa

Hakuna aliyelipa kiingilio kuja kuniona mimi.
Nilikaa kushoto kwake, kiti kifupi, suti ya kuazima.
Kazi yangu: kusimama kabla ya wakati,
kushika pembe ya karatasi kwa vidole viwili,
kungoja kidevu chake kishuke,
kidogo tu, kama mtu anayekubali bei,
kisha kufunua, kisha kutoweka
nikiwa nimekaa palepale.

Kabla ya kupanda jukwaani alivua pete.
Ya mama yake, fedha iliyofifia, yenye ufa.
Hakuiweka mezani wala mkobani.
"Gocha, shika."
Nami naitia mfuko wa kulia, ule usiotoboka.
Waliosema chanda na pete
hawakumwona Nazibrola akienda kazini.

Alianzia Kutaisi, ghorofa ya nne.
Wanaume sita walikipandisha kinanda,
kikakwama kwenye kona ya ngazi
siku mbili nzima.
Majirani wakapita wakiwa wameinama,
na mtoto wa miaka saba akaketi juu ya gunia la viazi
akakipiga hapohapo, ngazini,
jengo zima likawa koo.
Baba yake alikuwa fundi breki za malori.
Aliamini muziki ni kukaza na kulegeza.
Hakukosea sana.

Leipzig alikuwa wa tatu. Warsaw hakuvuka hata mchujo.
Gazeti moja likaandika: mkono wa kushoto wa seremala.
Alilikata, akalibandika jikoni, juu ya chumvi.

Kisha ile baridi ya Tbilisi, umeme ulipokuwa uvumi.
Kiingilio kilikuwa kipande cha kuni.
Watu walikuja na magogo, miguu ya viti,
bibi mmoja alileta mlango wa kabati.
Nikashika mshumaa mkono huu, karatasi mkono huu,
na yeye, glavu zilizokatwa ncha, mvuke mdomoni,
akapiga kana kwamba kuna mtu ng'ambo ya ukuta
anayepaswa kuamshwa taratibu.
Ukurasa wa kumi na mbili una duara la nta mpaka leo.
Hugandamana. Lazima uujue.

Halafu dunia ikamwita: Lyon, Montreal, Osaka.
Mpiga fidla hulala na fidla yake, alikuwa akisema,
mimi naolewa kila usiku na kinanda nisichokijua,
asubuhi napewa talaka.
Kingine kilikuwa kizito kama shemeji mwenye kinyongo.
Kingine kilimjibu kabla hajauliza.
Kingine, Montreal, kilikuwa na noti moja bubu,
akaizunguka usiku kucha
kama unavyozunguka msiba wa mtu mezani.

Osaka ndiko chanda cha pete kilikokataa.
Ukumbi haukusikia. Mimi niliona:
kilijikunja chini ya kiganja
kama mtoto anayeitwa mbele ya wageni.
Daktari wa Vienna alisema kidole ni kizima,
ni ubongo uliosahau
kwamba vidole viwili si kimoja.
Nazibrola alicheka mpaka akaomba maji.
"Miaka arobaini na sita naufundisha kinyume chake,
sasa ndio umenielewa vibaya."

Aliendelea misimu miwili,
akihamisha noti kwenda vidole jirani
kama familia inayogawana watoto wa marehemu.
Usiku wa mwisho hakutangaza kitu.
Nilimrudishia pete kwenye korido, karibu na ndoo za wafagiaji,
akaivaa, akauliza kama basi bado lipo.

Sasa haivuki kifundo. Sonara alitaka kuikata,
akamwambia akate kwanza kidole.

Alhamisi napanda ghorofa ya nne, napumzika pale konani.
Ana mwanafunzi, Ushangi, miaka kumi na moja, kucha chafu,
asiyehitaji karatasi, kila kitu kimo kichwani.
Naketi kushoto kwa sababu kiti kiko kushoto.
Mvulana anapiga.
Dirishani, yeye anashusha kidevu, kidogo tu,
na mkono wangu unanyanyuka.